Shujaa wa Miguu Peku

Basi la walinzi wahamiaji lilipotoka kwenye makazi yao mtaa wa Abu Hamour, ughaibuni, kijana aliyekaa na Idrisa aligundua kwamba walisoma chuo kimoja, akaanza kuusifia umoja wa wanaume wa bweni lao.

"Kila mwaka, kaka, wapya wanatembea peku kwenye lami, jua la utosi, kumuenzi shujaa wetu aliyekataa viatu kwa unyenyekevu."

Nyayo za Idrisa zikawaka moto. "Hakukataa! Wakubwa walimfichia viatu, wakamswaga huku wanamcheka!"

"Nani kakudanganya?"

"Shujaa mwenyewe ndiye mimi! Yaani mnawaunguza watoto wa watu kwa ajili yangu?"

Machozi yakamlengalenga kijana. Basi liliposimama The Pearl, kwenye lindo lao, alikuwa ameshainama, anafungua kamba za buti zake mwenyewe ili ashuke peku, kwa heshima.