Beryl Entwistle na Chai ya Mgeni

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mliojibana katika kanisa hili, hasa ninyi wenye viti vya magurudumu mliopitishwa mlango wa jikoni kwa sababu wa mbele una ngazi, jambo ambalo marehemu aliligombania na wazee wa kanisa tangu mwaka 1988 na leo ndiyo limemshinda kabisa, naitwa Clifford Entwistle, kaka wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Beryl alizaliwa tarehe 9 Machi 1959, Mtaa wa Kiln, hapa hapa Cleggdale, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Harold na Edna, wafumaji wa kiwanda cha pamba, na alipofika miaka minne misuli yake ikaanza kulegea, daktari akamwambia mama asijisumbue kununua sare ya shule, maana mtoto hatafika miaka kumi. Mama alinunua sare, tena kubwa, ya kukulia.

Septemba 1966 alipelekwa Moorgate, bweni la watoto wenye ulemavu, akasoma huko mpaka akamaliza, ila kila mtoto alilazwa saa kumi na moja jioni, jua bado linawaka, kwa sababu wahudumu walikuwa wanabadilishana zamu, na aliyebanwa na haja baada ya hapo alijikojolea akalala vivyo hivyo hadi asubuhi. Alitoka Juni 1981, akapata nyumba ya halmashauri Mtaa wa Albion pamoja na msaidizi wa kumwamsha na kumlaza, na kesho yake akanipigia simu kunitambia, "Clifford, jana nimelala saa saba usiku, na wala sikuwa na la kufanya!"

Mwaka 1982 aliajiriwa kupokea simu katika ofisi ya gesi, na yeye na wenzake wakaanzisha chama cha watu wenye ulemavu cha mji huu, wakidai mabasi wanayoweza kuyapanda, na wasaidizi ambao mtu anawachagua mwenyewe, aamke na alale anapotaka. Mimi nilikuwa dereva wa basi. Tarehe 16 Mei 1992 alijifunga kwa mnyororo kwenye basi, na kati ya mabasi yote ya mji huu akachagua langu, nikamwambia, "Beryl, we! Nina ratiba mimi," akanijibu mbele ya abiria, "Na mimi nina ratiba, kaka, nasubiri basi tangu nizaliwe." Aliyefungwa upande wa pili wa mnyororo ule alikuwa Desmond Pickup, mpiga kinanda asiyeona, nao wakafunga ndoa kanisani humu tarehe 11 Juni 1994, wakajaliwa binti yao Rhoda, huyu hapa mbele, tarehe 3 Agosti 1996. Desmond alitutoka mwaka 2009.

Mwaka 2015 serikali ikaufunga mfuko uliokuwa unalipia wasaidizi wa watu kama Beryl, mzigo ukatupiwa halmashauri. Alikwenda London kuandamana, mvua ikawanyeshea, wakaimba, na mfuko ukafungwa vilevile. Akarudi akawa anawafundisha wenzake namna ya kupimwa na halmashauri, inapoamua mtu apewe saa ngapi za msaidizi: ofisa akija mweleze siku yako mbaya kuliko zote, usipake rangi ya midomo, na, hili alilirudia mpaka wakalikariri, usimpe chai, kwa sababu ukimpa chai ataandika kwamba unaweza kuinua birika.

Tarehe 6 Novemba 2018 ikawa zamu yake. Pauline, msaidizi wake, alikuwa ametoka kuchukua dawa, ofisa akabisha hodi kabla ya wakati, amelowa chapachapa, na Beryl, binti wa Edna Entwistle, ambaye nyumbani kwake hata mdai kodi hakutoka na koo kavu, akaenda jikoni. Alitumia mikono miwili na kidevu, nusu ya maji ikamwagikia mapajani, lakini kikombe kilifika mezani, na biskuti kwenye sahani.

Januari majibu yakaja: saa za msaidizi wa usiku zimefutwa, atapewa pedi za watu wazima avae mpaka asubuhi, na kama haridhiki, kuna kitanda katika nyumba ya kulelea wazee. Nilimfokea, "Wewe! Wewe uliyefundisha mji mzima! Mbona ulimpa chai?" Akasema, "Alikuwa amelowa, kaka. Ningefanyaje?"

Tulikata rufaa, tuliandamana mbele ya halmashauri, nilipiga simu mpaka muziki wao wa kusubirisha watu nikauota, na kila niliyempata alikuwa mpole, alisikitika, akanielekeza kwa mwingine. Inachosha, ndugu zangu, kugombana na watu wapole.

Nyumba ya wazee aliikataa, na pedi hakuzivaa, alisema Moorgate ilitosha. Badala yake, yeye ambaye kikombe cha chai hakikumtoka mkononi, aliacha kunywa kitu chochote kuanzia saa sita mchana, ili aumalize usiku akiwa mkavu, Pauline akambembeleza, Rhoda akalia, mimi nikatishia, naye anasema tu, "Niacheni, koo ni langu." Figo zikaanza kuugua Oktoba 2019, akalazwa mara mbili, na tarehe 11 Februari 2020, saa nne asubuhi, maambukizi yakiwa yameingia kwenye damu, akafariki dunia hospitalini. Rufaa yetu imepangiwa mwezi ujao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliomlowesha midomo mpaka mwisho, majirani wa Mtaa wa Albion, wenzake wa chama na wa ofisi ya gesi, na Pauline, aliyekuja usiku bila malipo mpaka mgongo ukamgomea. Chai ipo ukumbini, na mikate ya nyama. Namwona pia yule ofisa, amekaa mstari wa nyuma, leo tena amelowa. Mwanangu, usiondoke. Neno zuri la kukuambia sina, nimelitafuta wiki nzima nimelikosa, lakini chai utakunywa, maana ukitoka hapa na koo kavu Beryl hatanisamehe.

Pumzika, mdogo wangu, na chai yako unywe saa unayotaka.