Wali Usipoe

Benchi la Swaleh pale Mugumu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na kila anayelikalia anaujua upande wa tofali, isipokuwa mgeni. Limeegemea ukuta wa duka la dawa za mifugo, linatazamana na karakana ya kuchomelea vyuma, na banda la video liko hatua chache tu, kwa hiyo mwenye shida ya geti, ya ng'ombe mgonjwa au ya filamu hana pa kulikwepea. Swaleh hufika na birika lake na jiko la mkaa saa saba mchana, anavisuuza vikombe vyake vidogo kwenye ndoo, na tangu hapo hadi birika likauke mambo ya dunia yanaamuliwa na watu ambao nyumbani kwao hawaulizwi hata cha kupika. Jumamosi hiyo walikuwa wanne, yeye wa tano, wanywaji watatu na mmoja asiyekunywa, kwa sababu huyo mmoja alikuwa amekasirika tangu Alhamisi.

Aliyekasirika alikuwa Werema, fundi wa ile karakana, ambaye kijiweni wanamwita Cheche. Kikombe alikuwa nacho mkononi, kahawa ilikuwa imepoa, na macho yake yalikuwa kwenye ubao wa chaki uliosimamishwa mlangoni mwa banda la video. Ubao ulisema: LEO TENA SAA KUMI. HARUSI IMEVURUGIKA. MAPENZI NA VICHEKESHO. KWA MAOMBI YENU.

— Filamu za mapenzi za kuchekesha ni ujinga mtupu, alisema. Zote. Ukiona moja umeona zote.

Pembeni yake alikaa Shamsudin, mwenye banda, jina la kijiweni Sauti. Huyu ndiye anayetafsiri filamu. Watu wakiwa wamekaa, yeye husimama kando ya skrini na maiki yake na kuwasemea wazungu kwa Kiswahili, akawapa majina ya huku, akawapa na ugomvi wa huku. Maiki hiyo haiachi bandani. Hutembea nayo kwenye mfuko wa koti, kichwa nje, watu waione.

— Cheche, wewe si mtazamaji, alisema Shamsudin bila haraka. Wewe huingia bandani kwangu kuchomelea tu. Utajuaje?

— Nachomelea nikiwa na masikio.

Hapo Vincent akaingilia. Vincent ndiye mwenye duka la dawa za mifugo, na kwa sababu ameshawahi kumchoma ndama sindano na ndama akaishi, wanamwita Daktari. Alisema Cheche ana haki, ila sababu hakuipata. Sababu ni mbio. Kila filamu ya namna hiyo, mwanaume anakaa saa nzima hafanyi kitu, mwanamke amekata tiketi, amefunga mizigo, ameaga majirani, ndipo jamaa anakumbuka kwamba anampenda na kuanza kukimbia kwenda uwanja wa ndege. Kwa nini asipige simu? Daktari alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, akagundua kwamba filamu hizo zinalipiwa na wenye ndege.

— Na mvua je? aliuliza mzee Matiko. Mbona lazima wakumbatiane kwenye mvua?

— Wenye dawa za mafua, alijibu Daktari. Wanagawana gharama.

Mzee Matiko alitikisa kichwa. Aliwahi kuwa mgambo kwa miezi mitatu, miaka mingi iliyopita, na hiyo miezi mitatu imempatia jina la Jeshi na mazungumzo ya maisha yote. Alisema yeye kinachomuudhi ni walinzi. Mtu anakuja mbio, hana tiketi, analia, ameshika maua, na mlinzi mwenye silaha anatabasamu na kumpisha. Huo ni uhaini. Akaeleza kwa kirefu jinsi ambavyo yeye, lindo lake lingekuwa pale, angemlaza jamaa chini kwanza, mapenzi yafuate baadaye, na jinsi ambavyo filamu hizo zimetengenezwa kwa makusudi ili kuwalegeza walinzi wa nchi maskini. Swaleh aliyekuwa akimimina aliuliza kama hata walinzi wa hifadhi wamelegezwa, maana ng'ombe wa shemeji yake huko Mbalibali walipovuka mpaka hakuna aliyetabasamu. Jeshi alisema hao hawana muda wa kutazama filamu.

Walicheka. Werema hakucheka.

Mambo ya Werema kijiwe kizima kinayajua, na msomaji ayajue. Miaka miwili iliyopita alisimama kanisani mbele ya watu, amevaa koti la kuazima lililomwishia juu ya viganja, akimsubiri Gloria. Gloria alishuka kwenye gari, akamwona mtu aliyemfuata kwa pikipiki kutoka Sirari, akalikusanya gauni lake mkononi, akapanda. Kwaya iliimba beti mbili nzima baada ya hapo kwa sababu hakuna aliyewaambia wanyamaze. Watu walipotoka nje wakasimama juani, hawajui waende wapi wala wamtazame nani, Werema alitoka akawaambia maneno manne: Jamani, twendeni. Wali usipoe.

Sasa Alhamisi alikuwa ndani ya banda la Shamsudin, nyuma ya watazamaji, amepiga magoti, anachomelea mguu wa benchi, miwani myeusi usoni. Kwenye skrini bwana harusi aliyeachwa alikaa kwenye ngazi za kanisa lao lenye theluji, akatikisa midomo kidogo. Na kwenye spika, kwa sauti ya kuomboleza, Werema akayasikia: Jamani, twendeni, wali usipoe. Banda lilitaka kuanguka kwa kicheko. Watu walipigana mabega, mwingine alishuka kwenye benchi akakaa chini ili acheke vizuri. Werema alikusanya vyombo vyake akaondoka, mguu umeungwa nusu. Tangu hapo vijana wa bodaboda wakipishana barabarani hawasalimiani tena. Wanaambiana wali usipoe.

Hilo angelimeza. Ameshameza makubwa. Lakini kesho yake, Jumapili, wazee wake walikuwa wanakwenda Machochwe kumposa Boke, na kaka wawili wa Boke walikuwa mjini Jumamosi hiyo wakiuza mahindi. Shamsudin mwenyewe alikuwa ametangaza kwa furaha kwamba wageni wawili wa Machochwe wamewekewa nafasi ya mbele saa kumi. Habari ya Gloria kaka hao waliijua na walikuwa wameipokea, maana mtu kuachwa si kosa lake. Kumpa dada yao mtu anayechekwa na mji mzima kwa spika ni jambo jingine. Werema alilijua hilo, na hakutaka kulitaja kijiweni.

Kwa hiyo aliendelea kuzishambulia filamu.

— Mimi nawauliza, alisema. Yule mwingine, yule anayeachwa, kosa lake huwa nini? Ana kazi. Anaamka mapema. Amelipa kila kitu cha harusi. Halafu anakuja mtu wa pikipiki —

Akajikatiza. Daktari alijikuna goti.

— Filamu haikuwa na pikipiki, mura, kijana wangu, alisema Jeshi kwa upole. Lilikuwa gari.

— Gari. Anakuja mtu wa gari, hana mpango wowote, na watu wanapiga vigelegele. Upumbavu gani huo?

Shamsudin aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu anayeiheshimu kazi yake, na sasa alizungumza kama fundi anayemweleza fundi mwenzake. Alisema vichekesho vinataka mtu wa kuchekwa, hakuna njia nyingine. Mmoja lazima aanguke ili wengine wajione wamesimama. Ukimwondoa huyo, watu wanasinzia, na mtu akisinzia bandani hawezi kurudi kesho. Yeye hamchukii yeyote. Yeye anatafuta tu neno ambalo litaingia.

— Na neno lenyewe huwa unalitoa wapi? aliuliza Werema.

Lakini hapo pikipiki ilisimama, dereva akasema anakwenda kutia mafuta mara moja, na mwanamke wa makamo akashuka na godoro dogo lililokunjwa na kufungwa kwa kamba.

— Shikamoo mzee. Habari zenu.

— Marahaba mama, alijibu Jeshi. Karibu, kaa, ila si hapo.

Alikuwa ameshakaa upande wa tofali. Benchi likainama, kahawa ya Daktari ikamwagika, pole zikawa nyingi, na mgeni akahamishiwa katikati. Alisema anaitwa Agustina, anatoka Tarime, anakwenda Issenye kwa mwanawe aliyejifungua. Swaleh akampa kahawa na kashata. Aliuliza kama walikuwa wanagombana au wanaongea tu.

Wakamweleza. Au Daktari ndiye aliyemweleza, maana alifurahi kupata mtu ambaye hajaisikia. Alimsimulia filamu yote, bibi harusi, gari, theluji, na alipofika kwenye ngazi akakaa vile vile, mabega chini, mdomo umeshuka, akasema maneno manne kwa sauti ya Shamsudin. Alikuwa ameshayasema ndipo akakumbuka nani amekaa upande wa pili wa benchi. Kicheko chake kilikatikia njiani.

Agustina hakuwa amecheka.

— Ilikuwa filamu ya Kiingereza? aliuliza.

— Hapana, alisema Shamsudin. Ya huko kwenye barafu. Wana lugha yao.

— Na wewe unaijua hiyo lugha?

— Namtazama mtu usoni, mama. Uso unasema wenyewe.

— Sasa huko kwenye barafu wanakula wali harusini?

Shamsudin aliutazama ubao wake wa chaki. Hakuwa na hakika wanakula nini.

— Basi hayo maneno ni ya nani? aliuliza Agustina.

Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Jeshi alianza kutafuta kitu mfukoni na hakukipata. Daktari alikuwa anakitazama kikombe chake kitupu. Swaleh aliinama kulipuliza jiko ambalo lilikuwa linawaka vizuri.

— Ni yangu, alisema Werema.

Akasimama. Akaitia mikono mifukoni, akaitoa tena.

— Ni yangu mimi. Niliyasema siku ya harusi yangu, bibi harusi alipoondoka. Mama yangu aliwasha moto alfajiri. Watu walikuwa wametoka Tarime, wengine wametoka huko huko Issenye, wamesimama juani. Niwaambie nini? Niwaambie rudini na njaa? Sikuwa na kitu kingine cha kuwapa, nikawapa wali. Huyu alikuwa amesimama karibu yangu, akasikia. Ameyatunza miaka miwili. Halafu ameyaleta hapa yachekwe, na saa kumi anataka kuyasema mbele ya kaka zake Boke.

Hilo la mwisho lilimtoka lenyewe. Lilikuwa limeshatoka.

— Cheche, sikuwa na nia mbaya, alisema Shamsudin. Wallahi lilikuja tu mdomoni.

— Nia yako siijui. Filamu yako onyesha. Msemee bibi harusi, msemee mwenye gari, waseme utakavyo. Yule akikaa kwenye ngazi, zima maiki. Mwache akae.

Shamsudin alifikiri. Kusema kweli alifikiri sawasawa, mtu wa kazi.

— Nikinyamaza pale, alisema, watu watajuaje pa kuchekea?

Werema alimtazama kwa hasira. Hapo, dereva wa pikipiki akiwa amesharudi na anapiga honi barabarani, Agustina alinyanyua godoro lake na kuuliza swali lake la mwisho, la mama yeyote ambaye amewahi kupikia watu wengi.

— Na huo wali, watu waliula?



Siku ile ya harusi walikuwa wote pale. Fahali alichinjwa na Swaleh mwenyewe, ili Waislamu nao wasibaki nje, na aliondoka na fungu lake la mchinjaji limefungwa kwenye jani la mgomba. Daktari alirudia sahani. Mzee Matiko alikuwa amekuja na chombo chenye mfuniko, kwa ajili ya mgonjwa nyumbani, alisema, na kwake hakukuwa na mgonjwa. Shamsudin ndiye aliyekuwa mshereheshaji, maiki ilikuwa hii hii, na alikula taratibu hadi mwisho akiwa amekaa meza kuu, kwenye kiti cha bibi harusi, kwa sababu kilikuwa kitupu na miguu ilimuuma. Aliyezunguka na sufuria akiwaongezea alikuwa Werema, mikono ya koti imekunjwa ili ufupi wake usionekane.

Agustina alingoja kidogo kwa adabu, akaona hawana jibu, akaaga. Pikipiki ikaondoka kuelekea Issenye. Jeshi alinyoosha kikombe aongezewe, apate cha kufanya, na Swaleh akaliinamisha birika, likatoa machicha. Ilikuwa bado saa tisa, na siku nyingine kahawa ingetosha.

Mlangoni mwa banda vijana wawili wa Machochwe walikuwa wameshafika, viatu vina vumbi la mahindi, wanausoma ubao.

Shamsudin aliwatazama. Kisha akaitoa maiki mfukoni, akauzungusha waya wake vizuri, akaiweka kwenye benchi mbele ya Werema.

— Kaa nayo mpaka kesho jioni, alisema. Leo watatazama picha tu.

Werema aliichukua. Hakusema asante.