Ufunguo wa Don Nazario

Tumekusanyika hapa Chillipata leo, Jumapili tarehe 24 Februari 2019, kumsindikiza baba yetu, Nazario Ccahuana Huillca, mtunza mitambo wa manispaa ya Pucaqocha. Ninayesoma ni Delmira, binti yake wa kwanza. Mnivumilie sauti ikinikatika.

Marehemu alizaliwa hapahapa tarehe 14 Septemba 1958, mtoto wa nne wa Anselmo na Saturnina, wafugaji wa alpaka. Alisoma hadi darasa la tano, kisha mifugo ikamhitaji. Mambo ya injini alijifunza jeshini, kati ya mwaka 1977 na 1979. Alirudi na spana moja ambayo hadi juzi hakuna aliyeruhusiwa kuiazima.

Tarehe 6 Juni 1982 alifunga ndoa na mama yetu, Eufrasia Sutta. Walijaliwa watoto wanne. Mmoja wao, Rufino, alitutangulia mwaka 1990.

Mwaka 1984 manispaa ilimwajiri kuwa mlinzi wa yadi, na mwaka 1996 akakabidhiwa mitambo yote: tingatinga, kijiko cha kuchimbia, na baadaye greda. Funguo zake alizivaa shingoni kwa kamba ya sufu. Mama alizoea kulalamika kwamba amelala na chuma miaka yote. Kila tarehe mosi Agosti aliinyunyizia mitambo chicha, bia yetu ya mahindi, ila tone la kwanza lilikuwa la ardhi. Greda ilipobatizwa mwaka 2004, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa baba yake wa ubatizo. Hapo alijiletea balaa, maana jamaa wote wakaihesabu greda kuwa ya ukoo.

"Kumpadre, mwanao si aje anisawazishie kiwanja?" jamaa yetu don Fermín alimwomba baba pale sokoni, akimwita kumpadre, yaani mzazi mwenza. "Nusu siku tu, jamani!"

"Mwanangu nimemlea vizuri," alijibu marehemu. "Hatoki nyumbani bila barua."

Mameya watatu walimnunia kwa jibu hilohilo. Njia ya kuja kwetu ilibaki mashimo matupu, na watu walitucheka.

Jumanne, tarehe 19, baada ya chakula cha mchana, tumbo lilimvimba ghafla. Utumbo ulikuwa umejisokota, ugonjwa tunaoujua sana huku milimani. Mtu akiwahishwa, hupona. Lakini mvua ilikuwa imeporomosha mlima na kuifunga njia yetu. Mvua hiyohiyo ilifukia nyumba za Qollpapampa, na kijiko kilikuwa kimetumwa huko kwa hati yenye saini. Dereva wake, Hilario, alipiga simu.

"Don Nazario, nageuza. Saa mbili tu, nakufungulia njia."

"Hati yako inasema wapi?"

"Hati gani, mzee! Si unakufa?"

"Inasema wapi, we Hilario?"

"Qollpapampa."

"Kuna watu chini ya matope?"

"Wapo, don Nazario."

"Basi chimba, mwanangu. Mimi nina majirani."

Nilimpokonya baba simu, nikamlilia Hilario aje. Hakuja. Jioni ile alimtoa bibi mmoja na wajukuu zake wawili, wote wazima. Baba alibebwa na majirani kwenye blanketi kwa saa saba hadi hospitali, na madaktari walipompasua, utumbo ulikuwa umeshaoza. Alifariki Alhamisi, tarehe 21, saa nne asubuhi.

Siwezi kudanganya mbele ya jeneza lake: nilimkasirikia, na hasira bado ninayo. Nilitaka baba yangu aishi, basi.

Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji alivua ile kamba shingoni, akanikabidhi. "Zirudishe yadini," aliniambia. "Usitoke pale bila hati ya kupokelewa. Umenisikia, mama?"

Ameacha mjane, Eufrasia. Watoto watatu, Delmira, Gualberto na Nélida. Na wajukuu watano. Bibi wa Qollpapampa alifika jana kwa miguu pamoja na wajukuu zake. Ndiye yule aliyeketi karibu na mama, amemshika mkono.

Jana hiyohiyo nilizipeleka funguo yadini. Walinipa pole, wakaniambia niziache tu mezani, makaratasi yatafuata. Nilikataa. Nilisimama palepale mpaka wakaandika, wakatia saini, wakagonga muhuri. Hati hiyo nimeitia kwenye mfuko wa shati lake.

Pumzika kwa amani, baba. Umeshakabidhi.