Nafasi ya Jina la Sadaiyan

Na ndiyo maana nilikuwa nikimwambia Mwenyekiti, tukiwa bado pale kwenye ngazi, kwamba amemchagua msemaji asiyefaa. Akanijibu, "Binti, wewe umefika kidato cha tano, sisi wengine tumefika kwenye mti wa mpira tu. Panda useme." Basi nimepanda.

Mheshimiwa Meneja wa shamba letu la Sungai Kerambil pamoja na mkeo. Mheshimiwa kuhani wa hekalu. Mwenyekiti, Mzee Thandavarayan, na kamati yote ya jiwe. Wanyapara wa zamani na wa sasa. Wageni mliotoka mashamba ya jirani. Mama zangu wagemaji wa mpira wa nyumba za safu. Na wewe, mume wangu Maruthan, uliyesimamishwa kule mwisho kabisa upande wa wanaume: nawaamkia nyote kwa viganja vilivyokutana.

Mnisamehe kumtaja mume wangu mbele za watu. Nina wiki sita tu za ndoa, na huu ni mwezi wa Aadi. Wageni wasiojua desturi yetu waelewe kwamba mwezi huu bibi harusi hurudishwa kwao, akae mbali na mumewe mpaka mwezi uishe. Leo ni siku yangu ya nne kwa mama yangu mzazi. Siku nne, ndugu zangu, na tayari nimeunguza wali mara mbili kwa kuchungulia dirishani. Nampenda mwanamume yule. Napenda anavyokunja mikono ya shati, napenda anavyouliza kama nimekula kabla yeye mwenyewe hajanawa. Jana dada yangu aliniambia, "We Poongkodi, mtu akikusikia atadhani mumeo kaenda vitani." Akacheka. Kisha sote wawili tulimkumbuka mama mkwe wangu.

Mama mkwe wangu ni Anjalai, yule aliyeketi pale chini ya kengele, mwenye sari ya kijani. Kamati imenituma kwake tangu wiki iliyopita. Jiwe hili tunalolifunua leo lina majina thelathini na saba ya wanaume wa shamba hili waliochukuliwa kwenda kujenga reli ya Siamu na hawakurudi. Waliokufa ni thelathini na wanane. Katika safu ya tatu mtaona mahali patupu, upana wa viganja viwili. Hapo ni pa baba mkwe wangu, Sadaiyan. Mchongaji yupo hapa, patasi zake zi mkobani, anangoja neno la mke wa Sadaiyan, na kazi yangu leo ni kuwaletea neno hilo.

Lakini nianze na lile tulilofundishwa. Shuleni nilifundishwa kwamba Vita Kuu vya Pili vilianzia Ulaya, vikasambaa jangwani na baharini, vikafika kwetu Wajapani walipoingia. Nilikuwa hodari wa somo hilo. Katika kitabu chetu reli ile ilipewa mistari minne, na ndani yake walitajwa wafungwa wa vita, Waingereza na Waaustralia, waliokufa kwa njaa na mapigo. Walikufa kweli, nami sitawapunguzia hata mmoja. Ila nilirudia ile mistari minne kama mtu aliyepoteza pete, nikitafuta neno moja juu yetu sisi Watamil wa mashamba ya mpira. Halikuwamo. Je, maelfu kwa maelfu ya watu wanaweza kufa wasitoshe nusu mstari?

Yaliyotokea hapa wazee wanayajua, lakini vijana wengi mmesikia vipandevipande. Ulikuwa mwaka wa pili wa Wajapani. Mpira haukununuliwa, mchele ulikuwa umekwisha, watu walikula mihogo mpaka miguu ikavimba. Siku moja karani alipita kwenye nyumba za safu akitangaza kwamba mjini kuna sinema ya bure, na kila mwanaume atakayefika atapewa kibaba cha mchele. Watu walicheka kwa furaha. Baba mkwe alivaa shati lake la harusi, maana na yeye alikuwa bwana harusi wa miezi minane, na Mama alikuwa mjamzito akiwa na mume wangu tumboni. Mama alitaka kwenda naye.

"Wewe baki," Sadaiyan alimwambia. "Unatapika kila ukinusa mafuta ya lori. Ukimtapikia Mjapani buti, sinema itakuwa sisi."

"Basi utanisimulia yote?"

"Nitakuigizia kabisa. Chemsha maji, narudi na mchele."

Mama alichemsha maji. Mnajua kilichofuata: milango ya ukumbi ilifungwa, na ilipofunguliwa malori yalikuwa yamerudishwa nyuma hadi mlangoni, kisha treni, kisha msitu. Walitoka wanaume arobaini na saba. Walirudi tisa.

Kati ya hao tisa amebaki mmoja, Mzee Kolandai, aliyeketi pale na bakora yake. Mzee, shikamoo. Huyu ndiye aliyekuwa akilala ubao mmoja na baba mkwe. Aliporudi, mguu wake ukinuka, alikwenda moja kwa moja kwa Mama kabla hajakwenda kwa mkewe. Akamwambia kwamba mvua zilipozidi kambi yao iliingiwa na kipindupindu, Sadaiyan akashikwa asubuhi, akapelekwa kwenye kibanda cha wagonjwa ng'ambo ya kijito, na kesho yake wazima wakasukumwa kwenda kambi ya mbele.

Mama akamuuliza, "Ulipomwacha alikuwa amekufa?"

Mzee Kolandai ni mtu wa kweli. Akajibu, "Nilimwacha akiwa hai."

Juu ya maneno hayo matatu Mama alijenga miaka ishirini na mitatu.

Hakukata uzi wake wa ndoa shingoni, kama mjane anavyopaswa. Hakufuta alama nyekundu kwenye kipaji cha uso. Alivaa bangili, akasuka maua kichwani, akaenda kugema mpira kabla ya jua akiwa amepambwa kama mke anayemsubiri mumewe arudi zamu. Na hakumruhusu mwanawe amtolee baba yake wali na ufuta wa marehemu, kwa sababu kwetu sisi ibada ile hufanywa siku ile ya mwezi mwandamo aliyofia mtu, na siku hiyo hakuna aijuaye. Kuhani alimweleza mara nyingi kwamba wafu wasio na siku wamewekewa siku moja ya wote, siku ya mwezi kutoonekana ndani ya Aadi. Mama alimjibu, "Hiyo ni ya wafu, swami. Mimi nauliza ya mume wangu."

Wengine mlimcheka, semeni kweli. Mama Sornam, usiinamishe kichwa, tunapendana. Si wewe uliyemwambia bombani, "Anjalai, bangili zako zinalia kushinda kengele ya hekalu, nani anazisikia huko Siamu?" Naye si alikujibu, "Aliyekukimbia wewe anazisikia, muulize"? Mlikaa mwaka mzima hamsalimiani.

Sasa nifike kwenye harusi yangu. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizoishi, na humo ndani yake ndimo nilimoona jambo ninalowaletea leo.

Mnajua kwamba uzi wa ndoa, kabla bwana harusi hajaufunga shingoni, huwekwa juu ya nazi kwenye sinia na kuzungushwa, ili kila mke mwenye mume hai auguse na kuubariki. Mjane haugusi. Nilisikia shangazi zangu wakinong'ona nyuma yangu.

"Mama wa bwana harusi atagusa?"

"Ana alama usoni, kwa nini asiguse?"

"Alama ni unga tu, dada. Huyu akigusa, mimi namwonea huruma msichana wetu."

Mimi nilikuwa nimeinamishwa kichwa kama ilivyo ada. Sikuona nyuso, niliona mikono tu. Mikono ya mama yangu, mikono ya shangazi, mikono laini ya mke wa karani, kila mmoja akigusa. Kisha ikaja mikono yenye weusi wa utomvu kwenye kucha, weusi usiotoka hata kwa mchanga, na bangili nane za kioo. Nikajua ni Mama. Nikaona anavuta pindo la sari yake, anafunika vidole vyote vya mikono miwili, ndipo analipokea sinia kwa kitambaa na kulipitisha kwa anayefuata. Hakugusa. Hata ukucha.

Ndugu zangu, mwanamke huyu alishindana na kuhani, na kamati, na kaka zake, na bomba zima la maji, akisema mume wake yu hai. Kama aliamini hivyo, kwa nini hakugusa?

Siku ya tatu nilimuuliza, tukichambua dengu jikoni.

"Mama, mbona hukuubariki uzi wangu?"

"Si ulibarikiwa na watu arobaini? Unataka nini tena, gwaride?"

"Nilitaka mkono wako."

Akachambua kidogo, akatoa jiwe, akalitupa. Akasema, "Mwanangu, nimewadanganya watu wote miaka ishirini na mitatu, na mimi mwenyewe nikiwamo. Shingo yako sikuthubutu kuidanganya."

Kwa hiyo anajua. Siku zote alikuwa akijua. Asubuhi ya leo amenipa ruhusa niyaseme haya mbele yenu. "Sema yote," aliniambia, "mimi sina ulimi wa shule."

Na sisi tulidhani tunamngoja aelewe! Juzi nilimwendea Mzee Kolandai, nikamuuliza kama kuna aliyewahi kutoka kwenye kile kibanda kwa miguu yake. Akasema hapana. Akasema kibanda kilichomwa kambi ilipohama, na kwamba ameliomba jibu lake lile la zamani lirudi mdomoni kila siku tangu alitoe. Nimemkuta ana mzigo mkubwa kuliko wa Mama. Mzee, Mama anasema hukumdanganya, na kwamba yeye ndiye aliyechagua kutokuuliza swali la pili.

Ningependa kuwapa faraja, maana sherehe huhitaji faraja, na wageni wametoka mbali. Sina. Nimeambiwa kwamba kule Kanchanaburi, Siamu, wanajeshi Wazungu wana makaburi yaliyopangwa kwa mistari, majani yamekatwa, kila mmoja na jina lake, na jamaa zao huja na maua. Wanastahili. Wetu hawana hata kichuguu. Tumewachongea jiwe hili baada ya miaka ishirini na mitatu, na nusu ya wake zao wamekufa bila kuliona. Mnawasifu leo kwa uvumilivu, na mimi nawasifu, lakini nani aliwauliza kama walitaka kuvumilia? Waliovianzisha vita vile walikuwa wanagombea nini hata kiwe sawa na shati moja la harusi? Nimekuwa na mume kwa wiki sita, na nikijaribu kufikiria milango ya ukumbi ikifungwa akiwa ndani, akili yangu inakataa kuendelea. Mama alikuwa na miaka kumi na minane. Yake haikuruhusiwa kukataa.

Hili basi ndilo neno lake kwa kamati. Mchongaji, tunakuomba urudi nyumbani na patasi zako leo. Jina la Sadaiyan litachongwa, Mama amekubali, lakini hataki kulisoma jiweni kabla hajakwenda alikoachwa mumewe kule Siamu. Wala hataki kukatiwa uzi hapa, kuvunjiwa bangili alfajiri na wanawake wa safu wakilia. "Sornam ameisubiri siku ile kuliko mimi," anasema, "na bado simpi." Atauvua mwenyewe kule kwenye kijito, mimi nikiwa nimemshika, na Maruthan atamtolea baba yake wali na ufuta kwa mara ya kwanza, siku ya mwezi kutoonekana, pamoja na wafu wote wasio na siku. Wazee wangu, mtuwie radhi kwamba mimi na mume wangu tutasafiri pamoja ndani ya Aadi. Tutaketi mabehewa mbalimbali mkitaka. Mama ataketi katikati.

Tutakuta nini? Mzee Kolandai anasema msitu umemeza kambi zote, na kijito hatuna hata jina lake. Tutasimama mahali fulani na kusema ni hapa, tukijua huenda si hapo. Mama analijua hilo pia. Amekwisha kufua sari.

Nawashukuru, Mheshimiwa Meneja, kwa kutupa uwanja huu. Nawashukuru kamati kwa subira yenu. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu wakati jua limekuwa kali hivi. Neno langu la mwisho si lenu, mniruhusu nimpe mwenyewe. Baba mkwe, mimi ni Poongkodi, mke wa mwanao ambaye hukumwona. Ana macho yako, wanasema. Hatujui kama ulituita, wala kama kuna aliyekupa maji. Tumechelewa mno, na hatuna cha kukuletea isipokuwa yeye na mama yake. Tutakuja kwako kabla mwezi huu haujaisha.