Gerald Rwema: Ugonjwa Ulioitwa Ukatili

Gerald Rwema alizaliwa tarehe 14 Mei 1967 Karagwe, Tanzania, ambako wazazi wake, mzee Sangwa na mama Mukankusi, waliishi ukimbizini. Alikuwa kifungua mimba. Aliyemfuata ni Frederick, anayesoma wasifu huu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1982, akajifunza ushonaji. Mwaka 1995 alirudi Rwanda na kufungua kibanda cha cherehani mtaa wa Remera. Hakuwa mtu wa pupa. Bwana harusi mmoja alikuwa na bega lililoshuka. Gerald alilifumua koti lake mara tatu, akaongeza pamba ndani hadi mabega yakalingana, wala hakumwambia. "Mwache ajione amenyooka," alisema.

Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na Épiphanie Akimana, wakajaliwa binti, Kirezi. Kwa miaka zaidi ya ishirini, hakuna jirani wa Kagarama, walikoishi, aliyesikia sauti yake ikipanda.

Mwaka 2022 alibadilika. Aliwatukana wateja, na Oktoba akampiga Épiphanie hadi akamvunja mkono. Familia ikakaa kikao. Épiphanie, mkono ukiwa kwenye plasta, alisema, "Huyo si Gerald ninayemjua. Mpelekeni hospitali."

Frederick akamkatiza: "Shemeji, ukatili hauna dawa."

Ni Frederick aliyeandika barua ya kumfukuza nyumbani. Gerald akapanga chumba mtaa wa Batsinda. Kwa miezi kumi na minne hakuna ndugu aliyebisha hodi kwake.

Desemba 2023 alianguka kifafa. Hospitalini alipigwa picha ya ubongo, Frederick akaitwa, na daktari akamwonyesha uvimbe wa ukubwa wa yai nyuma ya paji la uso.

"Sehemu hii humsaidia mtu kujizuia," alieleza. "Picha haiwezi kutuambia kila alichofanya kilitoka hapa. Lakini uvimbe huu umekua kwa miaka."

"Na kama tungemleta mapema?"

"Pengine tungeutoa wote."



Gerald alipasuliwa Januari 2024. Hasira zilitulia, ila uvimbe ukarudi. Siku moja Frederick alipiga magoti kando ya kitanda chake. "Kaka, nisamehe. Haikuwa wewe, ulikuwa ni ugonjwa."

"Nimekusamehe. Lakini mkono ulikuwa wangu, Frederick, usinifutie. Niitie mama Kirezi."

Épiphanie alikwenda. Waliyozungumza ni yao wawili. Alimuuguza hadi Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, Gerald alipofariki.

Wasifu wa kwanza alioandika Frederick ulisema marehemu aliugua muda mrefu akiwa mikononi mwa ndugu zake. Épiphanie aliusoma, akamrudishia. "Shemeji, mikono ipi?" Frederick akaketi, akaandika huu.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mjukuu mmoja aitwaye Shema, na mdogo wake Frederick. Waliomfukuza wanaomba radhi mbele ya jeneza lake, wakijua hawezi tena kuwajibu. Mungu amlaze Gerald katika amani ambayo ndugu zake walimnyima.