Mama Alipokuja Kunitoa na Hati ya Shamba

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena! Mimi ni Kagendo, wa hapa hapa Githongo. Leo nasimama mbele yenu nikicheka, lakini kabla ya likizo nilikuwa nalia.

Ndugu zangu, mnajua nasomea sheria kule Embu. Likizo ndefu ikifika, wenzangu huenda kwa mawakili wakubwa wanaolipa. Moyo wangu ulikuwa kwenye kiofisi kimoja kinachosaidia wajane bure. Huko nilikutana na mama wa Kiambere, shemeji zake wanamfukuza kwenye shamba la marehemu mumewe. Alinishika mkono: "Usiniache, mwanangu. Hizi makaratasi mimi siwezi soma." Lakini ofisi haikuwa na cha kunilipa. Bila kodi ya chumba na chakula, ningemwacha tu.

Kuna shirika linalofadhili wanafunzi wanaofanya kazi kama hiyo wakati wa likizo. Nilijaza fomu yao, ikabaki sehemu moja: mdhamini, kiongozi anayenijua, asiwe wa familia. Mwalimu aliyeniahidi saini alisafiri, na simu hashiki. Imebaki siku moja! Niliomba mpaka sauti ikakauka, kisha nikamwandikia mama: "Niko kwa ofisi ya mawakili hapa Embu, karibu na korti. Nahitaji mdhamini kabla ya kesho saa kumi." Simu ikazima.

Wapendwa, mwanafunzi wa sheria mzima, sikufikiri! Huku kwetu mdhamini tunamjua wa kortini tu, yule wa kumtoa mtu ndani. Mama akajua nimeshikwa!

Kesho yake saa nane mchana akaingia ofisini, hati ya shamba ameifunga kwenye leso. Nyuma yake alikuwa Mama Kinoti, mwenyekiti wetu wa kina mama, aliyenifundisha dini nikiwa mdogo.

"Nimekuja kutoa huyu msichana yangu," mama akasema. "Taito ya shamba ndio hii. Amekosea nani?"

Niliona aibu, nikacheka, halafu nikalia. Ndilo shamba pekee tulilo nalo, na alikuwa tayari kuliweka rehani kwa ajili yangu! Nilipowaeleza, Mama Kinoti alivuta kiti.

"Wewe Kagendo! Umenitoa shambani kwa kahawa yangu sababu ya saini? Leta kalamu!"

Ndugu zangu, Mungu ana njia zake! Mdhamini niliyemkosa kwa simu aliletwa na kosa langu mwenyewe. Saa kumi kasorobo fomu ilikuwa imefika, na ufadhili nikapata. Nilipumua, jamani!

Likizo yote nilikaa na faili la yule mama. Korti imeamuru asiguswe mpaka kesi isikizwe. Juzi alinipigia simu akaniambia amepanda ndengu, na sasa analala mlango ukiwa umefungwa vizuri, bila woga.

Asante, mama. Asante, Mama Kinoti. Na wewe uliyekaa hapo nyuma, mlango wako umekataa kufunguka, mtumaini huyu Mungu. Mimi hata kuomba niliomba vibaya, na bado alinisikia.