Fomu ya Kazi ya Ghalani

Kwenye treni ya asubuhi mzee mmoja mwenye tai alimwambia mama mmoja fundi cherehani aliyeketi mbele yake, "Bila wakubwa wetu wa ng'ambo kupeleka majeshi, vita vile tunavyovisikia redioni haviishi."

"Wetu tangu lini, baba?"

Hata mimi, niliyeketi kando yao, nilitaka kujua. Nakumbuka vita vitatu walivyokuja kuvimaliza.

"Haohao walimwahidi mwanangu kazi ya ghalani," mama akaendelea. "Fomu ikataka kipimo cha kichwa! Miaka thelathini nashona sare za ghala, sijawahi kupima kichwa cha mtu. Hicho ni kipimo cha kofia ya vita."

"Akaenda?" mzee akauliza.

"Aende wapi? Yuko kwangu anapiga pasi! Na wenzake tisa waliojaza fomu ile nimewatoa, nikipita nyumba kwa nyumba."

Treni ikasimama. Mzee bado alikuwa akitetea wakubwa wake, lakini behewa zima lilikuwa likimpigia mama makofi.